UCHAMBUZI: Risasi za magnum zenye mkanda, sifa zake na mzigo wake kwa msafirishaji

BUJUMBURA – Boksi la risasi 20 za kaliba .375 Holland & Holland Magnum halizidi kilo moja, na linaingia kwenye mfuko wa koti. Katika kambi ya uwindaji ya Moyowosi, mkoani Kigoma, boksi hilo ni kifaa cha kazi kama jembe kwa mkulima. Boksi hilohilo likikutwa chini ya kiti cha lori kwenye forodha ya Gatumba, njia ya kwenda Uvira, litahesabiwa kuwa zana ya vita mpaka mwenye lori athibitishe vinginevyo.

Kwa sababu hiyo mjadala wa wawindaji juu ya risasi za magnum zenye mkanda, ambao umedumu kwa zaidi ya miaka mia moja, unawahusu pia watu ambao hawajawahi kushika bunduki. Wawindaji wanabishana kama mkanda ule una faida yoyote. Msafirishaji wa Bujumbura ana swali lake: ndani ya boksi kuna nini hasa, na kwenye hati kiandikwe nini? Majibu ya maswali hayo mawili yanakaribiana kuliko inavyodhaniwa.

Mkanda unafanya kazi gani

Karibu na kitako cha risasi hizi, juu kidogo ya mfuo ambao bunduki huutumia kuvuta ganda nje, kuna ukingo wa shaba uliolizunguka ganda kama mshipi kiunoni. Huo ndio mkanda. Wengi, na baadhi ya wauza bunduki wamo, wanaamini kuwa uliwekwa kuliimarisha ganda lisipasuke kwa wingi wa baruti. Imani hiyo haina msingi. Mkanda ni kituo tu. Unaizuia risasi isizame mno ndani ya chemba wakati bunduki inapofungwa.

Kila risasi inahitaji kituo cha aina hiyo. Za zamani zilikuwa na ukingo mpana kitakoni, kama zilivyo hadi leo risasi za bunduki ya marisau. Zile za bunduki za Mauser husimamia begani, yaani pale ganda linaponywea kuelekea shingoni. Kampuni ya Holland & Holland ya London ilipotoa .375 yake mwaka 1912 haikuweza kutumia njia yoyote kati ya hizo mbili. Baruti ya enzi hizo, kodaiti, ilikuwa ya nyuzi ndefu mithili ya tambi, na shinikizo lake lilipanda sana kwenye joto. Ganda likatengenezwa refu, lenye mteremko mrefu na bega dogo, ili liingie na kutoka bila kukwama hata katika jua kali na vumbi. Bega dogo kiasi kile halikutosha kuwa kituo cha kutegemewa, nao ukingo mpana ungesumbua ndani ya magazini. Kampuni ikarudia mkanda ambao ilikwisha kuutumia mwaka 1905 katika risasi yake iliyotangulia.

Kwa hiyo sifa ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliipenda ni ule mteremko wa ganda. Risasi huteleza kuingia chembani, na ikishafyatuliwa ganda hutoka kwa urahisi. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa jambo hilo lina uzito kuliko tarakimu zozote za kiwandani. Mkanda wenyewe ulikuja kuusaidia mteremko ule, kama kabari inavyosaidia mpini.

Nguvu iko kiasi gani

Jina la magnum lilitokana na chupa kubwa ya mvinyo, ile ya lita moja na nusu, kwa maana ya kitu kilichojazwa kupita kawaida. Na nguvu ipo kweli. Kichwa cha risasi ya .375 chenye gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde, na hubeba jouli karibu 5,700. Risasi ya kawaida ya AK-47 ina kichwa cha gramu 8 na jouli 2,000 tu. Risasi ya .300 Winchester Magnum, ambayo nayo ina mkanda, hufikia jouli 4,700 ikiwa na kichwa cha gramu 11.7. Ile ya .30-06 isiyo na mkanda, maarufu mno duniani kwa uwindaji wa kawaida, hukaribia jouli 4,000 kwa kichwa cha uzito huohuo.

Wakazi wa Bujumbura wana mfano wa karibu wa jinsi nguvu inavyoweza kusifiwa kupita kiasi. Mamba aliyepewa jina la Gustave, aliyekuwa akionekana kwenye mdomo wa mto Rusizi na katika fukwe za Ziwa Tanganyika, alisifika kwa kula watu. Mfaransa Patrice Faye alijaribu kumnasa kwa tundu kubwa la chuma, kisa kilichotolewa katika filamu ya mwaka 2004, asifanikiwe. Ilisimuliwa kuwa mamba huyo ana makovu ya risasi mwilini, na simulizi ikakua hadi watu wakasema risasi hazimwingii.

Hapakuwa na uchawi. Vita vya Burundi vilianza mwaka 1993, na katika miaka ile bunduki zilizokuwa nyingi kandokando ya ziwa zilikuwa za kijeshi, zenye risasi nyepesi zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu. Ubongo wa mamba ni mdogo sana na umefunikwa na mfupa mnene. Risasi ikiingia kwenye minofu ya mkia au ya mgongo, kidonda hupona na mnyama huendelea na maisha. Hata .375 ikimpata mahali pasipostahili atarudi majini nayo.

Jambo hilo wawindaji walilijua zamani. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja na Lado mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa risasi ndogo ya milimita 7 isiyo na mkanda. Alilijua fuvu la tembo kama fundi wa Buyenzi anavyoijua injini ya Fuso. Mwenye shabaha mbovu hasaidiwi na magnum, na mara nyingi huharibikiwa zaidi, maana teke la bunduki nzito humfanya afumbe macho kabla ya kufyatua.

Usumbura ilikuwa na risasi yake

Kabla ya Wabelgiji kuingia mwaka 1916, Bujumbura iliitwa Usumbura na ilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza risasi ya 9.3x62 akiwalenga walowezi na maofisa wa makoloni kama hili. Haikuwa na mkanda. Iliingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser, iliyokuwa nafuu kuliko bunduki za Waingereza, na ikabeba kichwa cha gramu 18.5 chenye jouli zipatazo 4,800. Iliangusha nyati, viboko na tembo bila kelele za matangazo.

Kwa hesabu za kifundi, 9.3x62 ilifanya takriban kila kazi ambayo .375 iliifanya. Iliyoshinda sokoni ni .375, na sababu kubwa ilikuwa ya kisheria na ya kibiashara. Tanganyika iliangukia mikononi mwa Waingereza, viwanda vya Kijerumani vikapigwa na vita viwili, na kanuni za uwindaji zikaandikwa kwa vipimo vya Kiingereza. Nchini Tanzania .375 ndiyo kaliba ndogo kabisa inayokubalika kwa wanyama hatari kama tembo na nyati. Ukiigeuza milimita 9.3 kuwa inchi unapata .366. Imekosa mstari kwa unywele, na kwa unywele huo soko zima likaenda upande mmoja.

Tangu hapo .375 imekuwa kama noti inayopokelewa kila mahali. Mgeni akifika Tanzania na begi lake la risasi likabaki uwanja wa ndege wa nchi nyingine, kambi ina uwezekano mkubwa wa kumwazima .375. Akiwa na kaliba ya kipekee iliyotoka kiwandani juzi, atakaa kambini akisoma gazeti huku siku zake za kulipia zikiyoyoma. Mwindaji bingwa anayeongoza wageni huchagua bunduki kwa kuangalia kwanza kama risasi zake zitapatikana. Huo ndio ubora mkubwa wa magnum hii katika ukanda wetu, na ni ubora ambao mfanyabiashara anauelewa haraka kuliko mwanasayansi: upatikanaji.

Mkanda unakuwa alama ya biashara

Wamarekani ndio walioutoa mkanda kwenye kazi yake. Winchester ilitoa .458 mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati. Ganda lake limenyooka bila bega, kwa hiyo mkanda ulikuwa na kazi ya kweli. Lakini .264 na .338 za mwaka 1958, 7mm Remington Magnum ya 1962 na .300 Winchester Magnum ya 1963 zote zina bega kali linalotosha kabisa kuwa kituo. Mkanda ulibaki kwa sababu mnunuzi alikwisha kufundishwa kwamba magnum ya kweli ina mkanda. Ni kama rangi ya chuma kwenye redio ya plastiki.

Aidha, .458 yenyewe ilipata aibu yake barani Afrika. Ganda lilikuwa fupi kwa kazi iliyotarajiwa, baruti ikashindiliwa, na risasi zilizokaa muda mrefu kwenye joto wakati mwingine baruti yake iliganda na kasi ikashuka. Mmarekani Jack Lott, baada ya kukanyagwa na nyati huko Msumbiji mwaka 1959, alikuja kutengeneza .458 Lott mwaka 1971 kwa kurefusha ganda. Nayo ina mkanda.

Kasoro nyingine inawahusu wanaojaza maganda upya. Ganda la mkanda huvutika mbele kidogo ya mkanda kila linapofyatuliwa, na baada ya kujazwa mara kadhaa hukatika hapo. Kwa Afrika Mashariki, ambako kazi hiyo ni nadra, kasoro hii haina uzito. Yenye uzito ni urefu: .375 nzima ina milimita 91, na hivyo huhitaji bunduki yenye mwili mrefu, ambayo ni ghali zaidi. Mwaka 2007 ilitoka .375 Ruger isiyo na mkanda, yenye nguvu ileile katika bunduki fupi na nafuu. Kifundi imeipita .375 ya zamani. Kwenye rafu za kambi bado haijaipita.

Soko lenyewe upande wa magharibi mwa Tanzania limebanwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na Ugalla nayo ikapandishwa hadhi mwaka huohuo. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa kitalii. Kwa hiyo kila vitalu vinapopungua karibu na mpaka wa Burundi, ndivyo maelezo ya boksi la .375 lililokutwa kwenye barabara hizi yanavyozidi kuwa magumu.

Hati inasema nini

Burundi yenyewe haina biashara ya vitalu vya uwindaji kama ya Tanzania. Risasi nzito ikionekana Bujumbura inapita njia, au imepotea njia. Ofisa wa forodha anaanzia hapo, na historia iko upande wake. Katika miaka ya 1980 mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha pembe za ndovu. Tani 89.5 za pembe ziliandikishwa Burundi chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, wakati nchi ilihesabiwa kuwa na tembo mmoja tu wa porini. Pembe zile zilitoka nchi jirani, na mwaka 1989 biashara yake ikapigwa marufuku kimataifa. Baadaye, kati ya mwaka 2009 na 2014, tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,000 hivi hadi 43,000. Kaliba zinazomtosha mwindaji mwenye leseni zinamtosha jangili pia.

Kisheria mlango ni mwembamba. Katika vitabu vya ushuru risasi ya kuwindia iko chini ya namba 9306, kichwa kimoja na mabomu, makombora na mabomu ya kutegwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika bidhaa zinazohitaji kibali maalumu, na gari lililotumika kupitisha mzigo kinyume cha sheria linaweza kutaifishwa pamoja na mzigo. Burundi, mwanachama wa Jumuiya tangu mwaka 2007, ina pia sheria yake ya silaha ndogondogo ya Agosti 2009, na ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Kwa lugha ya barabarani: boksi la kilo moja linaweza kuondoka na lori la tani 30.

Mazingira nayo yamekaza. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024 baada ya shambulio la Desemba 2023 huko Gatumba. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na barabara ya bonde la Rusizi ikawa ya kijeshi zaidi kuliko ya biashara. Katika hali hiyo maelezo kwamba "ni za kuwindia tu" hayamfikishi dereva mbali, na ni haki kusema kuwa ofisa anayeyatilia shaka hakosei moja kwa moja. Jeshi la Marekani liliichukua .300 Winchester Magnum, risasi ya mkanda ya wawindaji, na kuwapa walenga shabaha wake.

Hata hivyo zipo dalili za kutofautisha. Azimio la Hague la mwaka 1899 lilikataza vitani risasi zinazopanuka mwilini, kwa hiyo kichwa chenye ncha laini ya risasi nyeusi kwa kawaida ni cha uwindaji. Dalili hiyo haitoshi peke yake, maana kwa nyati na tembo wawindaji hutumia pia vichwa vigumu visivyopanuka, ambavyo kwa mtazamo wa haraka vinafanana na vya jeshi.

Kosa linaloharibu mambo mapema zaidi ni la kalamu. Kipenyo cha mkanda ni kimoja, milimita 13.5, kwa .375 H&H, .458, .338, 7mm Remington na .300 zote za zamani. Anayeangalia kwa macho tu hawezi kuzitenganisha kwa kitako. Na ukiandika ".300 Magnum" kwenye hati hujasema kitu, kwa sababu ipo .300 Holland & Holland ya mwaka 1925, ipo ya Weatherby ya 1944 na ipo ya Winchester ya 1963, zote zikiwa na mkanda na kila moja ina chemba yake. Neno magnum lenyewe lipo hata kwenye risasi za bastola, kama .357 na .44, ambazo hazina mkanda kabisa. Kibali kikisema jina moja na kitako cha risasi kikasema jingine, mbele ya sheria hizo ni risasi zisizo na kibali.

Kinachotakiwa kuandikwa ni maneno yaliyogongwa kitakoni, herufi kwa herufi, pamoja na idadi ya risasi, aina ya kichwa, namba ya bunduki zinakoelekea na jina la mwenye leseni. Kwa usafirishaji risasi hizi huwa chini ya namba ya Umoja wa Mataifa 0012, daraja la 1.4S, na hufungwa peke yake, mbali na bunduki. Kwa ndege, abiria huruhusiwa kilo 5 pamoja na kifungashio, katika mzigo uliokaguliwa na kwa idhini ya shirika, ambazo ni risasi takriban 100 za .375. Mwindaji aliyezoea kazi hamalizi hata nusu ya hizo katika safari nzima. Anayeomba lori la Bujumbura limbebee boksi kumi aulizwe leseni yake kwanza, kisha kitalu anachokwenda, na majibu yote mawili yawe kwenye karatasi kabla injini haijawashwa.